Mpaka Maji Yaishe

Ikapel wa Malaba alikuwa fundi wa kushona turubai za malori, na mkono wake ulikuwa mgumu kuliko sindano aliyoshonea. Watu wa Malaba wanasema mbu alipomuuma, Ikapel alimfuata mpaka ukutani akamdai damu yake. Wengine wanasema alikunywa chai kwa kijiko ili kikombe kimoja kimfikishe jioni. Hiyo ya kijiko ni uongo. Ya mbu ni kweli, na mbu mwenyewe alihamia Tororo.

Miaka thelathini alikaa kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda, akiziba matundu ya turubai. Foleni yenyewe, haki ya Mungu, kuna mwaka ilikuwa ndefu hivi kwamba dereva wa mwisho alioa akiwa ndani yake, akazaa, na mtoto ndiye aliyekuja kugongewa muhuri. Ikapel, uzi mdomoni, aliitazama foleni akawaza: maji hayana foleni. Upepo hauuzwi kwa lita. Aliwaza hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka wazo likaota ndevu.

Alipofika miaka sitini, aliuza cherehani. Akauza ng'ombe watatu. Kisha akauza kile kipande cha shamba ambacho mkewe Alaso alilimia viazi vitamu, na kwa jumla ya hayo akanunua mashua ya mbao kutoka kwa mtu wa visiwani, mashua ya kubeba magunia arobaini. Tanga alilishona mwenyewe kwa turubai ya lori, la buluu, bado lina maandishi yake meupe ya barabarani: KAA MITA HAMSINI. Hakuna tanga lililoshonwa vizuri hivyo ziwa lote. Hilo hata maadui zake wanakubali, na maadui tunawajia.

Alaso aliposikia, hakupiga kelele. Aliketi tu.

"Baba Yvonne," akasema, "umeuza viazi vyangu ukanunua beseni."

"Si beseni, mama. Ni lori ya upepo."

"Haya. Basi sikia. Hiyo kitu ikipotea, usirudi hapa na mdomo. Hatuna kitu ingine ya kuuza imebaki ila wewe, na wewe hakuna mtu atakununua."

Kwa hivyo maisha yote ya nyumba hiyo yakawa ndani ya mashua moja. Mama mmoja mfanyabiashara wa Funyula alikuwa ameahidi kumpa mihogo mikavu ya kupeleka visiwani, lakini ni baada ya mavuno, miezi miwili mbele. Kabla ya hapo mashua ilitaka mahali pa kufungwa, pasipo na mwizi wala dhoruba, na pawe pa bei ya Ikapel. Bei ya Ikapel mnaijua. Muulizeni yule mbu.

Akaipeleka kwenye bichi moja, ufuko wa wavuvi kufungia mitumbwi, huko Budalang'i. Jina tusilitaje, wenyewe wapo na mdomo wanao. Mwenyekiti wa bichi aliitwa Austine, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuombea wagonjwa.

"Karibu, mzee," Austine akamwambia. "Hapa mgeni analipa kuingia, halafu kila wiki analipa ya mlinzi. Na tanga kubwa kama hiyo, inakula nafasi ya mitumbwi mitatu."

Ikapel akacheka hadi akashika mlingoti.

"Kulipia maji? Kwetu Malaba lori ya magurudumu ishirini na mbili inalala barabarani mwezi mzima, na hakuna mtu anaiuliza jina! Na hii yenu hata si bichi. Hii ni choo ya bata."

Alisema hivyo mbele ya akina mama walioanika omena, wale dagaa wa ziwa, mbele ya wanaume walioshona nyavu, na mbele ya pasta aliyekuja kuomba samaki wa harambee. Watu wa ziwa wana huruma yao. Mwizi wa nyavu wanamsamehe akilia vya kutosha. Mwizi wa mke wanamsamehe akileta mbuzi. Lakini choo ya bata ilitua pale mchangani ikakaa, na kila mtu akaitazama.

Austine akatabasamu. Mtu wa ziwa akikuonyesha meno yote, hesabu vidole vyako.

"Umesema ukweli, mzee wangu," akasema. "Sisi hapa tunanyonya watu. Lakini kuna mahali pa rahisi. Enda nyuma ya daiki, uliza Okwara. Huyo ana maji mingi mpaka hajui ataiweka wapi."

Akina mama wakainamia omena zao, leso midomoni, mabega yakiwatikisika.

Daiki ni lile tuta refu la udongo lililojengwa kuuzuia mto Nzoia usiingie kwa watu. Mwaka ule mto ulikuwa umelipasua, na ziwa nalo likasukuma kutoka upande wake, vikakutana kwenye mashamba vikasalimiana. Watu wakapanda juu ya tuta na mahema yao, wakakaa wakitazama paa za nyumba zao zikichungulia majini. Okwara alikuwa mmoja wao, mzee mwembamba kama jembe lililokwisha. Ikapel alimkuta mbele ya hema lenye matundu, akilitazama paa lake, na juu ya paa amesimama korongo kama mwenye nyumba.

"Unaona ile paa?" Okwara akamwambia. "Pale ni kwangu. Maji imetulia, hakuna wimbi. Mwizi naye ataogelea mpaka pale aibe nini? Funga boti yako kwa nguzo ya mlango."

"Unataka pesa ngapi?"

"Pesa ya nini, mzee? Wewe ni fundi. Hema yangu inavuja. Nishonee turubai mzuri, halafu ukae mpaka maji yaishe."

Ikapel akahisi moyo umeruka kama chura. "Mpaka lini?"

"Mpaka maji yaishe."

"Hebu sema hivyo mbele ya watu."

Okwara akasema mbele ya watu. Liguru, ndiye mzee wa kijiji, aliitwa akatikisa kichwa kwamba amesikia. Ikapel akajiuma ulimi asicheke. Yeye alikuwa ameona maji ya mtungi yakiisha, na ya tangi, na ya bomba la Malaba ndiyo kila siku. Lakini ziwa? Nani amewahi kuona ziwa likiisha? Moyoni akasema: huyu mzee maskini, njaa imemla akili, amenipa milele kwa bei ya hema. Akaushika mkono wa Okwara haraka, kabla akili hazijarudi.

Na kila mtu juu ya daiki, kuanzia liguru hadi mtoto wa kunyonya, alijua kwamba lile si ziwa. Lilikuwa shamba la mahindi limelewa. Hulewa hivyo, likalala chini mwezi au miezi, kisha pombe ikaliisha. Auma, muuza mandazi, ndiye peke yake aliyeingiwa na huruma akafungua mdomo. Jirani akamkanyaga kidole cha mguu. Akaufunga.

Ikapel akashona turubai siku mbili, kazi safi, mshono wa kushika mvua ya Nuhu. Kisha akaisukuma mashua kwa upondo, akapita juu ya zizi, juu ya shamba la mihogo, juu ya makaburi ya baba zake Okwara bila kujua, akaifunga kwenye nguzo ya mlango kwa fundo la malori, lile ambalo hata shetani hulifungua kwa meno. Watu wa daiki wakampungia mikono kwa heshima kubwa.

Wiki haikuisha simu ikaja. Kaka yake Alaso amefariki huko kwao Malaba, Ikapel arudi azike. Akarudi. Matanga yakamla siku, na kwa kuwa alikuwa pale pale Malaba bila shilingi, akashika tena sindano ya mkono akaziba turubai za watu. Mwezi ukapita, ukavuta mwenzake. Lakini Ikapel hakuwa mjinga wa kuacha mali bila kuuliza hali yake. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Okwara aliiweka simu kwa sauti kubwa, daiki nzima ikamzunguka kama redio ya mpira.

"Mzee Okwara, mashua iko?"

"Iko."

"Haijasukumwa na maji?"

"Haijasonga hata inchi moja."

"Na ndani? Haiingizi maji?"

"Maji? Hata tone."

"Hao ni nani wanacheka?"

"Ni majirani tu, mzee. Wanafurahi kwa ajili yako."

Jumapili ya mwisho aliuliza kama kamba haijalika. Okwara akavuta pumzi kwanza, maana naye ni binadamu, kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

"Mzee, hata ukikata hiyo kamba saa hii, boti yako haiendi popote."

Ikapel akamgeukia mkewe. "Unasikia? Hata ukikata kamba! Huyo ndiye mtu. Si wale bata." Na Alaso, ambaye hakuwa amecheka tangu viazi viuzwe, akacheka. Akasema anataka kuiona hiyo lori ya upepo kwa macho yake.

Wakaenda. Alaso alivaa gauni la kanisani, akabeba kuku mtetea, mzuri, wa kumshukuru Okwara kwa moyo wake. Walipokaribia daiki Ikapel akamwambia afumbe macho. Akamshika mkono, akampandisha tuta polepole kama bibi harusi. Huko juu watu walikuwa wametoa vigoda mapema. Walikuwa wamewekeana dau la jogoo juu ya siku atakayofika Ikapel, na Austine ndiye aliyeshinda.

"Fumbua," Ikapel akasema. Alisema kabla yeye mwenyewe hajatazama.

Chini hapakuwa na maji. Palikuwa na kijani. Maharagwe ya majani mawili mawili, yamepangwa kwa mistari hadi macho yanapochoka. Nyumba ya Okwara imesimama miguu mitupu, udongo wa kuta umeoshwa, zimebaki nguzo na paa. Na hapo mlangoni, kama ng'ombe aliyekataa kuamka, mashua imelala ubavu, kamba ingali imefungwa vile vile, kwa fundo lile lile. Ziwa lilikuwa uzi mwembamba unaometameta kule mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Baba Yvonne," Alaso akasema taratibu, "ziwa liko wapi?"

Ikapel akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeibiwa fahali. "Lilikuwa hapa."

"Ziwa lilikuwa hapa."

"Hapa, mama. Hapa hapa. Nililiacha hapa."

"Na limeenda wapi? Limeenda soko?"

Ndipo daiki ikapasuka. Kicheko hicho kilivuka mpaka, watu wa Uganda wakadhani ni harusi wakaanza kupika. Okwara akaliweka jembe chini, akapanda tuta, akampokea Alaso kuku kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Haukuwa na haja ya kujisumbua." Kisha akamgeukia Ikapel.

"Mzee, maji imeisha. Leo ni siku ya kumi na moja. Boti yako inalalia mistari yangu minne ya maharagwe. Unaitoa lini?"

"Tulikubaliana, Okwara! Mbele ya watu!"

"Mpaka maji yaishe. Mimi nilikukodishia maji. Shamba nani alikukodishia?"

Liguru akatikisa kichwa, mtikiso ule ule wa siku ile.

"Mbona hukuniambia kwa simu?"

"Uliuliza kama imesonga," Okwara akasema. "Imesonga?"

Liguru akampa siku saba. Wanaume thelathini wangeibeba mashua ile mpaka ziwani asubuhi moja, wakiimba. Ikapel akaenda bichi, kofia mkononi, akawakuta wamekaa vile vile na nyavu zao. Akaomba. Akaomba tena, safari hii kwa magoti, na mtu wa miaka sitini akipiga magoti mchangani huchukua muda kufika chini. Walimngoja afike.

"Tungekusaidia, mzee," Austine akasema kwa sauti yake ya kuombea wagonjwa. "Lakini sisi ni bata. Umeona wapi bata akibeba boti?"

Mtu mmoja nyuma ya nyavu akalia kama bata. Halafu wa pili. Ikapel akasindikizwa na kwaa kwaa hiyo njia nzima.

Basi wakabaki wawili, yeye na Alaso wake. Wakakata migomba ya kuiviringishia mashua, iwe magurudumu. Wakachimba kwa jembe la kuazima. Siku tano walichimba na kusukuma, na mashua ikasonga hatua kumi tu kutoka mlangoni. Jua nalo halikulala. Mbao zilizozoea maji zilikauka zikaachana, nyufa zikafunguka hadi kidole kikapita. Ikapel akavua shati lake, akalichana vipande, akaziba. Alaso akachana ushungi. Walipofika kwenye gauni la kanisani, Alaso akasema hapana, hilo ni la kuzikiwa.

Siku ya sita, jembe likagusa kitu chini ya mashua, kitu kikasogea. Alikuwa kamongo. Samaki huyo, maji yakiisha, hujizika matopeni akalala akiyangoja, ana akili kuliko mafundi wengi. Na huyu alikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa. Wanaodanganya wanasema kama kanisa. Alaso akapiga ukemi, na kule juu wanaume wakasimama wote kwa pamoja.

"Twende!" wakaitana. "Twende kwa mzee!"

Ikapel aliwaona wakishuka tuta mbio, wanaume thelathini na zaidi, mapanga na kamba mikononi, Austine mbele na unene wake wote. Machozi yakamtoka. Akasema, "Asanteni, ndugu zangu. Asanteni. Shikeni upande huu." Wakaruka shimoni, wakampita, wakamshika kamongo kichwa na mkia, wakamtoa, wakapanda naye daiki wakiimba. Wimbo wa kubebea mashua, ndio walioimba. Jioni walimtumia Alaso mchuzi kwenye bakuli. Mchuzi tu. Samaki hakuwemo.

Siku ya saba ilikuwa ya mwisho. Ikapel hakusukuma. Alikaa tangu alfajiri akiutazama mlingoti, na ilipofika alasiri, upepo ulipoanza kuyalaza maharagwe, akasimama.

"Mama Yvonne, hii ni lori ya upepo ama si lori ya upepo?"

"Baba Yvonne, wacha."

Hakuacha. Akaipanga migomba chini ya mashua, akapandisha tanga. Turubai lile likajaa likapiga kofi moja kubwa, na juu ya daiki vicheko vikakatika, maana, sikieni, mashua ilitikisika. Ikalia. Ikasonga hatua moja. Ikasonga ya pili. Ikapel akaruka ndani akapiga kelele ya furaha ambayo watu wa pale wanaikumbuka mpaka leo, kelele ya mtu ambaye kwa hatua saba hakuwa na deni na mtu yeyote duniani.

Ila mtoto yeyote wa Budalang'i angemwambia. Upepo wa alasiri hutoka ziwani. Wa kwenda ziwani ni wa alfajiri, na alfajiri Ikapel alikuwa amekaa akiutazama mlingoti. Mashua ilikuwa inalipa ziwa kisogo. Ilipita mistari ya maharagwe, mitano, sita, kumi, KAA MITA HAMSINI ikimjia Okwara usoni, na Okwara, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akatii maandishi. Alitupa jembe akakimbia. Mashua ikaingia nyumbani kwake bila kubisha. Nguzo mbili zikavunjika, paa likashuka, mlingoti ukakatika, na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ukapasuka kwa sauti iliyofanya hata Austine aseme "Aiii" bila kucheka. Baadaye alicheka.

Ikapel alitoka mzima. Hilo ndilo baya.

Liguru hakuchukua muda. Maharagwe ni ya Okwara, nyumba ni ya Okwara, kwa hivyo mbao ziwe za Okwara ajengee. Okwara akasema sawa, ila yeye hataki mzoga shambani. Aliyeuleta na aubomoe mwenyewe, ubao kwa ubao, apange vizuri, na shamba liwe safi kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi anapalilia. Tanga pia libaki, ni la kufunika mbao. Austine ndiye aliyeleta nyundo ya kuazima. Akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikuambia usirudi na mdomo," Alaso akamwambia mumewe.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo. Endelea hivyo hivyo."

Akajifunga leso kiunoni, akashika upande wa pili wa ubao wa kwanza. Siku mbili walibomoa, Ikapel akigonga, Alaso akipokea, na daiki ikawatazama kama inavyotazama mvua. Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wamechoka kucheka, na kulikuwa na kazi za watu. Mbao zilipokwisha kupangwa, Ikapel akainyoosha mikono, akarudisha nyundo, akamtafuta Okwara amuage kama mtu aliyelelewa.

Okwara alikuwa shambani anatembea taratibu, miguu mitupu, anaangalia chini.

"Mzee," akaita. "Kuna misumari umeacha hapa. Mimi nina ng'ombe. Nina wajukuu."

Ikapel akarudi, akapiga magoti kati ya mistari ya maharagwe, akaanza kupapasa udongo kwa vidole.

"Na huko pia," Okwara akasema. "Mpaka kwa mlango."